Darasa Linaloitikia Kila Kitu

Juzi nilipanda kivuko cha kwenda Sengerema. Pembeni yangu binti mmoja, mwanachuo wa ualimu, alikuwa akimsimulia shangazi yake mazoezi ya kufundisha sekondari.

"Kila nikiuliza, 'Mmeelewa?' darasa zima, 'Ndiyo, mwalimu!' Nikaanza kuwatilia shaka. Siku moja nikawaambia maji ya Ziwa Victoria ni ya chumvi. Nikauliza, 'Mmeelewa?'"

"Wakacheka?"

"Wakaitikia, 'Ndiyo, mwalimu!' Maji wanayooga kila siku, shangazi!"

Shangazi akashika mdomo. "Na mkufunzi wako?"

"Alikuwa amekaa nyuma. Akaniandikia, 'Darasa linashiriki vizuri sana.'"

Binti hakucheka. Alisema siku hizi akisikia watu wakiitikia kwa pamoja, anashtuka.

Nikawasikitikia watoto wale. Mara mhudumu akapita na kipaza sauti: "Tunaondoka sasa hivi, abiria. Sawa?"

"Sawaaa!" tukaitikia sote, huku fundi akiwa amejiingiza kwenye injini, miguu tu inaonekana.

Binti peke yake alinyamaza. Akatugeukia, akatukagua mmoja mmoja kama darasa lake. Aliponifikia mimi, nikajifanya natazama ziwa.