Orodha ya Wenye Nyumba

Maji ya bonde la Msimbazi yalipopanda hadi madirishani, tulihamishiwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi, na maofisa wa misaada waliniomba orodha ya kaya. Niliiandika upesi, kama nilivyozoea kuandika daftari la mtaa: nyumba moja, jina moja, la mwenye nyumba. Nyumba zetu zina vyumba sita, na kila chumba kina jiko lake. Nililijua hilo. Sikulifikiria.

Magodoro yalipofika, hata wenye nyumba waliokwisha kujisitiri kwa ndugu zao Magomeni walirudi, wakaitwa, wakabeba. Wapangaji waliokuwa wakilala pale pale sakafuni walibaki kutazama. Nami nilibeba langu.

Binti mmoja aliyeuza vitumbua pamoja na mama yake, mpangaji wa nyumba ya tano kutoka kwangu, alinifuata. Mama yake mwenye pumu alikuwa amelazwa juu ya maboksi, kwenye saruji yenye unyevu.

"Shikamoo mzee. Jina la mama sijalisikia."

"Marahaba mwanangu. Vuta subira, litasomwa."

"Litasomwaje na hujaliandika?"

Mwanamume mmoja kwenye foleni akadakia, "Mjumbe huyu wapangaji anatujua siku ya kura tu!"

Watu wakacheka. Ofisa akaniuliza kama orodha ina kasoro. Ilitosha niseme ndiyo. Lakini kicheko kile kilikuwa kimenichoma, nikajibu kwamba iko sawa.

Siku ya tatu asubuhi yule mama alibanwa kifua, akakimbizwa hospitali kwa bajaji. Hakurudi. Wanaonionea huruma husema lilikuwa kosa la ofisi. Si kweli. Ofisi iliniuliza.

Baada ya mazishi nilijitwika godoro langu, nikampelekea binti. Alikuwa anakunja khanga za marehemu. Hakuinuka.

"La nini sasa, mzee? Mpe mwingine. Mimi niandikie jina la mama yangu."

Nikafungua daftari, kalamu ikasimama. Kwa miaka tisa yule mama alinifungia vitumbua kwenye gazeti kila asubuhi, akaniuliza nimeamkaje, nami sikuwahi kumwuliza anaitwa nani. Ikabidi nimwulize bintiye.

Alinitazama kwanza. Kisha akalitaja polepole, mara mbili, nami nikaliandika chini ya jina la mwenye nyumba wao.