Sindano ya Mbuzi kwa Paka wa Mama

Mimi si mtu wa kutishwa na paka. Kazi yangu ni ususi, nina saluni hapa Voi, na vichwa nilivyovishika vikilia, vikisinzia na vikiongea na simu ni vingi mno. Kwa hiyo mama aliponipigia kutoka Kasigau kuniambia paka wake amevimba bega na hataki kula, sikubabaika. Nilifunga saluni nikaenda kumchukua.

Hapa mjini watu wakisikia umeivumilia barabara ya Kasigau kwa ajili ya paka, wanakucheka. Wacheke. Mama anaishi peke yake, na mahindi yake hukaa kwenye ghala dogo nyuma ya nyumba. Msimu huo ndovu walikuwa wameingia shambani, wakala walichotaka na kukanyaga kingine. Magunia yaliyookolewa yalikuwa machache, na panya waliyajua hata kabla hayajashonwa mdomo. Aliyekuwa akiyalinda ni paka huyo mmoja, jike mwembamba mwenye madoa meusi na hasira za landilodi. Akifa, mama atakula kinachobakizwa na panya mpaka mavuno mengine.

Nilimkuta chini ya kitanda, bega limetuna kama limau, manyoya yamesimama. Mama alisema alipigana na paka dume wa kule juu. Alisema hivyo haraka haraka, akaenda kutazama chai jikoni. Nikamfuata na swali moja tu.

"Mama, hamjamchoma sindano?"

Niliuliza kwa sababu ya chupa. Kijijini kwa mama kuna chupa ya dawa ya mbuzi ambayo watu huchanga wakainunua pamoja, ikakaa kwa jirani yake, mzee anayesifiwa kwa wepesi wa mkono. Mbuzi akikohoa au ng'ombe akichechemea, mzee huitwa. Anakuja na chupa na bomba lake la sindano, anachoma, anakunywa chai, anakwenda zake. Sisemi ni jambo baya. Daktari wa mifugo yuko mbali, na mbuzi mgonjwa hasubiri barabara ikauke. Wengi wamepona kwa mkono huo, wa mama wakiwemo. Lakini kizibo cha mpira cha chupa ile kimetobolewa na sindano mara zisizo na hesabu, chupa yenyewe inazungushwa juani nyumba kwa nyumba, na paka si mbuzi mdogo. Hilo nimelisema mpaka koo likaniuma.

"Nani amchome paka?" mama akasema, akanimiminia chai.

Kesho yake nilimtia paka kwenye kapu lenye mfuniko, nikampeleka kwa daktari wa mifugo mjini Voi. Daktari ni mwanamke kijana, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Alimpima uzito na joto, akalibonyeza bega, na paka akatoa mlio ambao watu waliokuwa nje waliusikia. Mimi nilikuwa nimeshika shingo na miguu, na mikono yangu haikuteleza.

"Unajua kushika," daktari akasema.

"Mimi nasuka watoto wadogo, daktari."

Akaniambia ni jipu. Angelifungua, atoe usaha na kusafisha, kisha ampe dawa ya kuua vijidudu. Kulikuwa na njia mbili: vidonge vya kila siku, au sindano moja ambayo dawa yake hukaa mwilini karibu wiki mbili. Sikumngoja amalize. Nilisema sindano, tena nilisema kwa furaha. Paka yule niliwahi kumpa kidonge cha minyoo. Alijifanya amemeza, akanitazama usoni kwa upole, kisha akaenda kukitema kizima ndani ya kiatu changu. Na mama, vidole vyake siku hizi vinamuuma hata kumenya kitunguu.

Daktari hakuwa na haraka yangu. "Uzuri wake ni huo," akasema. "Hakuna kidonge cha kusahau wala cha kutema, na una hakika dawa imeingia yote. Ubaya wake ni kwamba ikishaingia haitoki. Kidonge kikimkataa, kesho unaacha kumpa. Hii ikimkataa, itabidi tukae nayo mpaka iishe yenyewe. Ndio maana simchomi kila paka anayeletwa hapa, na ndio maana nakuuliza, ameshapewa dawa gani?"

"Hakuna," nikajibu, bila hata kufikiri.

Alinyoa manyoya begani, akaniita nitazame. "Sioni alama ya meno. Na uvimbe uko pale pale watu wanapopenda kuchoma. Hebu mpigie mama."

Nilipiga, nikaweka spika. Nikamwambia mama daktari anataka kujua kama paka amechomwa sindano. Nilisikia jogoo wake, halafu nikamsikia yeye.

"Kidogo tu," akasema.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Kumbe paka alikuwa akitokwa na matongo machoni, basi. Jirani alikuja kumchoma mbuzi, akamwona, akamhurumia, akamchoma na yeye. Uvimbe ulianza baadaye. Paka dume wa kule juu hakuwahi kuwepo. Nilikuwa nafungua mdomo ili mama anisikie vizuri, lakini daktari akaichukua simu na kuomba, kwa adabu kabisa, aitiwe mzee mwenyewe. Mzee alikuja bila aibu yoyote. Alisoma maandishi ya chupa herufi kwa herufi, akataja kiasi alichovuta, kisha akauliza, "Na paka wetu anaendeleaje?"

Daktari alimshukuru, akakata simu, akanieleza. Dawa ile imetengenezewa ng'ombe na mbuzi, inakaa mwilini muda mrefu, na nyama ya paka haiivumilii. Huenda na sindano yenyewe haikuwa safi. Zaidi ya yote, ilikuwa bado imo ndani ya mwili wake. Kama angechomwa ile ya wiki mbili juu yake, halafu mambo yaharibike, nani angejua ni dawa gani inayomuua? Nilimtazama paka yule, mwepesi kama kitambaa cha kufutia vyombo, nikaogopa kwelikweli. Jibu langu moja la haraka lingeweza kummaliza.

Basi alifungua jipu, akaliosha, akamchoma dawa ya muda mfupi, inayoisha baada ya siku moja, akasema nimrudishe kila asubuhi. Paka akahamia saluni. Alilala juu ya mfuko wa rasta za kusukia, akawakoromea wateja, na asubuhi moja akaiba dagaa wa omena kwenye sahani ya msaidizi wangu. Nilishangilia kana kwamba mtoto amepasi mtihani. Bega lilipokauka, dawa ya mbuzi ikaisha mwilini, na daktari akaona kwamba ile ya muda mfupi haikumkataa, ndipo alipomchoma ya ukoo uleule, ile ya wiki mbili, kwa sababu anarudi mahali ambapo hakuna wa kumpa kidonge. Safari hii nilikubali huku nikijua ninachokubali.

Nilirudi Kasigau na hotuba. Nilimfungulia paka, akaenda moja kwa moja ghalani, nami nikamgeukia mama. Kwa nini alinidanganya?

"Ningekuambia, ungefanya nini?" akaniuliza.

"Ningemwambia yule mzee asimguse paka wako tena."

"Ndiyo. Ungemwambia vile unavyosemaga, halafu ungepanda pikipiki urudi Voi. Mimi ndiye nabaki, mwanangu. Ndovu wakija, huyo mzee anapiga debe kuwafukuza upande wangu kwanza, ndio aende kwake. Hayo magunia paka analinda, yeye ndiye aliyaokoa. Mwaka huu yeye hakuvuna kitu."

Hotuba yangu ilikuwa nzuri, na kila neno lake lilikuwa kweli, lakini haikuwa na mahali pa kutulia. Kabla sijapata nyingine, mzee akapiga hodi. Alikuwa amesikia pikipiki. Mama akasimama mlangoni, sufuria mkononi.

Mzee alikwenda ghalani, sisi nyuma yake, akachuchumaa, akalitazama bega lililonyolewa. Kisha akaniuliza, "Daktari alisema mimi nilikosea wapi?"

Nilichuchumaa karibu naye. Nilimwambia ukweli wote, ila sauti ya saluni niliiacha Voi. Nilimwambia dawa ya mbuzi inamuunguza paka nyama, na ikishaingia hakuna wa kuitoa. Nilimwambia pia kwamba mimi niko mbali, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona paka akiugua.

"Ukimwona hivyo, mzee, usimchome. Nipigie mimi. Saa yoyote ile, nitakuja."

"Kwa hiyo kazi yangu ni kuangalia."

"Ni kuangalia, na kunipigia."

"Mimi nilimtakia mema," akasema.

"Najua, mzee. Asante."

Akatoa simu, akaniomba namba yangu, akaiandika polepole akiitamka. Ndipo mama alipoweka sufuria chini, akaketi.