Taa Nyekundu ya Dada Mtu

Saa mbili kasoro asubuhi. Mama Nyekundu, ndivyo wenzake wanavyomwita, hajavua hata koti, macho ameyakaza kwenye rafu ya chuma. Vibao kumi na viwili vya umeme vimepangwa humo. Kila programu mpya ikiandikwa, kompyuta huijenga yenyewe, huipakia kwenye vibao na kuijaribu. Ikifaulu, taa ya kijani. Ikifeli, nyekundu.

Leo zote kijani.

"Kazi ya mdogo wangu hiyo," anasema, amenuna. "Hata kosa dogo la kunifurahisha hana!"

Mdogo wake wa tumbo moja huandika programu za vitanda vya joto vya watoto njiti. Dada mtu huzijaribu: mtambo wake hukata umeme, huurudisha, hudanganya kipima joto, mara elfu mbili kwa siku. Ndiye aliyemwombea mdogo kazi hapa kiwandani, miaka sita iliyopita.

"Nina wivu," ananiambia mimi mwandishi, "andika hivyo hivyo, usipambe. Mama akipata wageni, anasema mwanangu anaokoa watoto. Mimi je? 'Huyu anaangalia taa.'"

Mwezi uliopita kibao cha saba kiliwaka nyekundu: umeme umerudi, king'ora cha kuwaonya wauguzi hakikusikika. Wiki hiyo mdogo alikuwa anasubiri kutangazwa mkuu wa kitengo. Vibao kumi na kimoja vilikuwa kijani, na dada mtu huwagombeza wenzake wasiporudia jaribio kabla ya kutangaza kosa. Safari hii hakurudia. Alikwenda moja kwa moja kikaoni, akasema mbele ya meneja.

"Nilifurahi. Roho ilitulia kabisa, Mungu anisamehe."

Cheo kikasimamishwa. Siku tatu mdogo akachambua programu yake mstari kwa mstari, macho yamemwiva, asione kitu. Siku ya nne dada akafungua rafu. Waya wa kusikilizia king'ora ulikuwa umelegea. King'ora kililia vizuri tu, mtambo wake ndio ulikuwa kiziwi.

"Ningekaza skrubu nikanyamaza, nani angejua?"

Alirudi kikaoni akasema kosa ni lake. Mdogo akapata cheo.

"Sasa ndiye anayesaini likizo yangu. Haya, niambie, hapo nisione wivu?"

Tangu hapo, kila asubuhi mtambo hupewa kwanza king'ora cha kujaribia masikio yake. Ndipo programu ya mtu huguswa.

Jumapili iliyopita mdogo alimwambia mama yao, "Mama, kitanda hakitoki kiwandani mpaka dada aseme ndiyo."

Mama akamgeukia binti yake. "Kumbe wewe ndiye unayemchelewesha mwenzio!"

Anasimulia akicheka, lakini machozi yanamlengalenga. Ameshaomba ruhusa ya kumleta mama kiwandani mwezi ujao.

"Nitampa swichi akate umeme kwa mkono wake, aurudishe. King'ora kikilia, nataka nione atageuka kumtazama nani."