Supu Niliyoibeba Hadi Maabara

Wiki iliyopita nilikaribia kuuzika utafiti wetu kwa mikono yangu mwenyewe, na afadhali mlisikie jambo hili kwangu.

Katika maabara yetu hapa Mwanza tunachunguza iwapo chembe ndogo mno zinazobeba dawa hubaki zimetawanyika ndani ya damu au hugandamana. Zikigandamana, kazi ya miaka mitatu imekwisha. Asubuhi hiyo mchangiaji damu hakutokea, nami nikakunja mkono wa gauni na kujitolea kishujaa.

Tulipotenganisha damu na kuitia dawa, majimaji yake yalikuwa meupe kama maziwa, na mashine ikaonyesha mabonge tele. Nikawakusanya wenzangu, nikawahutubia juu ya kukubali kushindwa, hadi mmoja wao akatokwa machozi. Nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kusitisha mradi wakati mzee Maduhu, fundi wetu wa maabara, alipoinua kichupa kingine.

"Dokta, hiki hatujatia dawa. Ni majimaji ya damu yako matupu, nayo ni meupe vilevile."

Nikakichukua kichupa, nikakiinua kwenye mwanga.

"Samahani, mama. Leo umepitia wapi?"

"Buhongwa."

"Kwenye supu ya makongoro ya ng'ombe?"

"Mabakuli mawili," nikakiri.

Mzee akanyoosha kidole mlangoni, kwenye tangazo lenye saini yangu: mchangiaji damu asile chochote tangu jana yake.

"Basi chembe zetu ni nzima," akasema. "Tumepima mafuta ya ng'ombe."

Nikaichana barua huku nikicheka kuliko wote.