Harufu ya Rosti Isiyokuwepo

Kitunguu kikianza kubadilika rangi kwenye mafuta, mwenzenu natoka nje. Wafanyakazi wangu wanashangaa, maana mimi ndiye mwenye hoteli tatu, mbili hapa Songea na moja Namtumbo, na darasa la nne sikulimaliza. Juzi alikuja binti wa chuo kikuu, anatafiti vyakula vya watu wa mjini, eti chakula ndicho kinachoonyesha mtu ni nani. Akaniamkia, akauliza nyumbani kwetu tulikula nini. Nikamweleza habari za kambale na ugali mweupe, akaridhika. Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba alipokufa tulihama kijijini kwetu Namasakata tukaja mjini. Mama akapata kazi ya kuosha masufuria mgahawani, jioni anarudi na kopo la mafuta yaliyokwisha kukaangiwa na vichwa vya vitunguu vilivyotupwa. Chakula chetu kilikuwa ugali wa pumba, unakwaruza koo kama mchanga. Lakini kabla ya kuusonga, Mama alikaanga vile vitunguu mlangoni, taratibu, mpaka harufu ienee uani kwa watu.

"Hapa mjini wanakujua kwa jiko lako," alituambia. "Sitaki waseme Wayao wamekuja kuomba."

Mimi nilijivuna. Nilitoka nje napangusa midomo kama niliyekula kuku.

Mdogo wangu Zuhura ule ugali ulimshinda. Akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Mama akamfunika khanga, akasema ni baridi ya Songea. Jirani yetu Mama Komba, Mngoni mwenye mahindi ya kutosha, kila jioni alipita na bakuli la maharage akiwapelekea watoto wa nyumba ya pili. Akifika mlangoni kwetu alitania tu: "Wenzetu wa rosti, mtatuua na harufu."

Zuhura alifariki wakati wa palizi. Tuliporudi kutoka kuzika, Mama Komba alileta lile bakuli, akakaa mkekani, akamshika Mama mkono.

"Dada, si ungesema?"

Mama aliangalia jiko. Mimi nililila bakuli lote, nikashiba, nikaona msiba ni kitu kizuri.

Miaka mingi nilisifu ujanja wa Mama, nikasema ndio niliourithi, ndio ulionitajirisha. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba bakuli lile lilikuwa likipita mlangoni kwetu siku zote, na kila jioni sisi wenyewe tulilifukuza kwa harufu.