Mwalimu Aliyeziba Mlango

Mwalimu wetu wa baiolojia pale sekondari ya Rwamishenye hufuta ubao kwa kiganja, kisha hufuta kiganja kwenye suruali. Jana alitutoa nje, akasimama katikati ya mlango wa darasa.

"Mlango huu ni protini ya kirusi cha mafua," alisema. "Ninyi ni tindikali. Mkiingia, kirusi kinafunguka, kinamwaga vinasaba vyake ndani ya seli, mtu anaugua. Mimi ni dawa. Haya, piteni!"

Tulisukumana, hatukupita. Ndipo Annastella, ambaye huwa haongei darasani, akapenyeza mkono, akafungua komeo la ubao wa pili wa mlango, uliokuwa umefungwa, nafasi ikapanuka. Tukamiminika ndani.

Mwalimu alicheka hadi machozi. "Waitu!" alishangaa kwa lugha ya kwao. "Hivyo hivyo kirusi kilibadili mlango wake, dawa ya zamani ikashindwa. Nani atatutengenezea mpya?"

Annastella akanyoosha mikono yote miwili.