Kioo cha Candide, mguu wa Vénérande

Jua halijafika barazani, lakini Vénérande ameshaketi kwenye cherehani yake. Kioo kirefu kimesimama katikati ya miguu yake, mgongo wa kioo ukielekea kigutu cha kushoto. Mguu wa kulia unakanyaga taratibu. Hashoni kitu. Anainama, anatazama kwenye kioo, na anaona miguu miwili ikikanyaga.

"Vidole vinakunjuka," anasema kwa sauti ya chini. "Vile ambavyo sina."

Fundi huyu wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikatwa mguu chini ya goti mwaka 1996 baada ya kuumwa na nyoka aina ya moma akivuna maharage. Kidonda kilipona. Yakabaki maumivu ya mguu usiokuwepo: vidole vinajikunja, vinakaza, vinachoma kama vimebanwa na koleo. Zamani alishona magauni matatu kwa siku. Zikaja siku ambazo hata pindo moja lilimshinda.

Ndugu zake walisema mguu ulizikwa vibaya. Siku ya nane tu baada ya mguu kukatwa, kaka yake, Didace, aliufukua, akanyoosha vidole, akaufunga kwenye kitenge kipya na kuuzika upya.

"Nilimshukuru sana," anasema Vénérande. "Kesho yake ukauma zaidi."

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1998, Salvatori, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayepita Mishamo kila mwezi, alimweleza jambo alilolisoma kwenye jarida la madaktari. Ubongo, alisema, haujapata habari kwamba mguu umekwenda. Ukiona kwenye kioo mguu mzima mahali pa ule uliokatwa, unadanganyika na kulegeza vidole. Kilichohitajika ni kioo kirefu tu.

Kioo hicho kilikuwepo hatua sita kutoka alipoketi, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ni cha Candide, aliyejifunza ushonaji kwa Vénérande huyuhuyu. Leo wanashonea baraza moja. Candide ana miguu miwili, ana kioo alicholetewa na mumewe kutoka Kigoma, na ana wateja waliokuwa wa mwalimu wake.

"Nilikuwa nasikia anavyokanyaga, roho inaniuma kuliko kigutu," Vénérande anakiri bila aibu. "Nikageuza cherehani yangu nitazame ukuta. Nimuombe kioo huyu? Bora nife."

Miezi mitatu hakuomba. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya karibu nayo haiui, kama mwenyewe hutaki kuinyooshea mkono.

Wiki ya Pasaka, sare za kwaya zikiwa nusu tu, maumivu yalimwangusha sakafuni. Candide ndiye aliyemwinua.

"Nikamuuliza, Mama Arcade, nikupe nini?" anasimulia Candide, ambaye humwita mwalimu wake kwa jina la mwanawe. "Akanitazama kwa hasira, akasema: kioo chako."

Tangu hapo hukitumia kila asubuhi, kabla wateja hawajaja kujitazama. Maumivu hayajakwisha, lakini yamepungua, naye amerudi kwenye magauni mawili kwa siku.

Sasa Candide anahamia Ilembo, mjini Mpanda, kufungua duka mwezi ujao, na kioo kilikuwa kiondoke naye.

"Mume kapata, wateja kapata, mji kapata," anasema Vénérande. "Bado aondoke na mguu wangu!"

Lakini mwalimu alikuwa na akiba yake. Kama mafundi wengi, alimfundisha mwanafunzi kila kitu isipokuwa kimoja: kukata kola ya koti la kiume. Hiyo aliikatia nyumbani, mlango umefungwa, akaileta barazani ikiwa tayari. Mpaka leo anayetaka koti Mishamo huenda kwake.

"Nilijua ananificha," anasema Candide akicheka. "Ni kama dada yangu mkubwa, nitamwambia nini?"

Wamekubaliana: kola kwa kioo. Somo la kwanza ni Jumatatu, na Vénérande anatarajia kufikisha tena magauni matatu kwa siku ifikapo Krismasi.

Anapoulizwa kama wivu nao umekwisha, anainua macho kutoka kwenye kioo.

"Uishe vipi? Atavalisha mji mzima kola yangu, na watamsifu yeye." Anakanyaga mara mbili, anatazama, anapumua. "Wivu uko palepale, ndugu mwandishi. Kilichopoa ni mguu."